Mwani Kwenye Mkono wa Hodan

Siku yangu ya kwanza katika wadi ya watoto wenye vidonda vya moto, Garissa, Muuguzi Mkuu alinipa kibanio na bakuli la maji ya chumvi. "Shashi ikigoma kutoka kidondani, usivute," akasema. "Loweka, ngoja, piga soga na mgonjwa." Joto la huku hukausha shashi ikashikana na nyama mbichi, na kuibandua ni kumchuna mtoto mara ya pili. Tulilia nao, tukajifuta, tukaenda kitanda cha pili.

Nikapelekwa Takaba, kisha Tarbaj, kote nikibandua. Niliporudi Garissa na mvi zangu, nikawekwa kwenye mradi wa Mtafiti Mkuu, daktari mpole kutoka Pwani. Yeye na wenzake walikamua ute wa mwani wa kahawia, majani yaotayo baharini, wakautengenezea nyuzi, wakapata kitambaa cheupe. Kikinywa maji ya kidonda hulainika, kikatoka bila kung'ang'ania. Alikuwa na sharti moja: "Mlezi asiporidhia, mtoto haguswi."

Ndipo Mzee Abdi, mfugaji wa Balambala, akamleta mjukuu wake Hodan. Chai ya moto ilikuwa imemuunguza mkono wa kulia. Vidole vilivyoungua visipofungwa kimoja kimoja hushikana, na Hodan, kwa kuogopa kibanio, aliufumbata mkono akauficha kwapani. Roho iliniuma.

Baada ya siku chache wadini, nikamweleza mzee habari za kitambaa.

"Imetoka bahari? Basi ni samaki. Sisi si watu ya samaki, sista."

"Si samaki, mzee. Ni majani."

Nikamletea mwani mkavu tuliouweka wa kuonyesha watu. Akautafuna polepole.

"Iko chumvi," akasema. "Ngamia akikosa majani ya chumvi, ngozi yake naharibika. Sisi nahama mbali kutafuta." Kisha akanikazia macho. "Lakini mimi kila siku naleta wewe maziwa ya ngamia, wewe nasema tumbo nauma. Sasa nani ataamini nani?"

Wadi nzima ikaangua kicheko. Nikapiga funda moja, nimeziba pua. Yale maziwa yananuka moshi wa kibuyu. Mzee akaridhia, nami nikavifunga vidole vya Hodan kimoja kimoja kwa kitambaa kile.

Siku ya kufungua, Hodan alifumba macho akauma meno. Nikamwagia maji, kitambaa kilichogeuka ute kikateleza chenyewe.

"Awoowe, bado?" akamuuliza babu yake.

"Nimeshamaliza, mama," nikamwambia. Mzee Abdi akageukia ukutani, nami sikumtazama.

Sasa nimestaafu. Vijana huniuliza kama mwani ni dawa ya kila kidonda. La hasha, kidonda kikavu hakiutaki, na mengine waulizeni watafiti.

Ila siku ya kuagwa kwangu Hodan, sasa msichana mrefu, alikuja amebeba kibuyu, pamoja na babu yake. Maziwa alikuwa amekamua mwenyewe, na chuchu za ngamia hazikamuliwi kwa vidole vilivyoshikana. Akanimiminia kwa mkono ule ule. Nikanywa hadi tone la mwisho, moshi na yote, kisha nikamwomba aniongeze.