Siku Ng'ombe wa Shule Alipozaa

Nilitoka Kianyaga kwenda kuanza kidato cha kwanza katika shule ya bweni ya wasichana mjini Nyeri, nikiwa na ulimi usiojua kutenganisha "r" na "l". Wiki ya pili mwalimu wa Kiswahili aliniita mbele nisome. Badala ya "kulala" nikasema "kurara". Darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo, hata kwenye foleni ya githeri, mahindi na maharagwe ya kila siku, wasichana walikuwa wakinisemesha ili tu wanisikie nikikosea. Nikaamua kunyamaza. Karibu muhula mzima nilijibu watu kwa kichwa, na kila Jumapili nilitamani nirudishwe nyumbani.

Jumamosi moja asubuhi tulikuwa tukikata nyasi za ng'ombe nyuma ya jikoni. Mwalimu wa kilimo akatoka zizini mbio, shati limelowa jasho. Ng'ombe wa shule alikuwa akisukuma tangu alfajiri, ndama hatoki, na daktari wa mifugo alikuwa bado yuko mbali.

"Nani hapa amewahi kusaidia ng'ombe kuzaa?" akauliza.

Mimi nilikuwa nimemsaidia mama kuzalisha ng'ombe wetu mara mbili. Nikainua mkono.

"Wewe?" Nadhani hakuwa amewahi kunisikia nikiongea.

Nikaingia, nikachungulia. Ilionekana pua na kwato moja tu.

"Mguu moja imekunjika ndani," nikasema. "Reteni maji moto na sabuni. Haraka!"

Niliisikia ile "r" ikitoka. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wameshakimbia.

Nikajipaka sabuni hadi begani, nikamrudisha ndama nyuma kidogo, nikaitafuta kwato iliyojificha. Ilinichukua muda, mkono ukifa ganzi kila ng'ombe aliposukuma. Nilipoipata niliifunika kwa kiganja isimchane mama yake, nikauvuta mguu taratibu mpaka ukanyooka. Kisha mwalimu na wasichana wawili wakashika miguu pamoja nami.

"Bado! Ngojeni asukume. Sasa!"

Ndama akateleza, sote tukaanguka chali kwenye nyasi. Alikuwa jike. Ndama alipopiga chafya, mwalimu alicheka kama mtoto, nami nikalia bila kujua kwa nini.

Msichana aliyelala kitanda cha juu yangu, ambaye ndiye aliyekuwa akinicheka zaidi, alinimwagia maji ninawe. "Ulijuaje hayo yote?" akauliza. Nikamweleza. Niliongea mpaka kengele ya chakula ikalia, na hakunikatiza hata mara moja.

Kiswahili changu kiliendelea kunipa alama mbaya kwa miaka miwili. Lakini zizi likawa chini ya uangalizi wangu, na wasichana wakawa wanakuja huko kupiga gumzo tukikama.

Siku ya wazazi iliyofuata kuzaliwa kwa ndama, mama aliniuliza, kwa wasiwasi, kama nimezoea.

"Nimezoea," nikamjibu. Nilishangaa kuona ni kweli, na mama akashusha pumzi.