Tarehe ya Karatasi na Tarehe ya Pesa

Sauti ile ilikuwa tii, moja tu, fupi na kavu, halafu kimya kirefu, halafu tii tena. Ilitoka mahali fulani juu ya kichwa changu katika nyumba ya Madam Esther kule Jumeirah Village Circle. Nikiifuata sebuleni inahamia ushorobani, nikiifuata ushorobani inahamia jikoni. Baadaye sana mlinzi wa jengo, Mganda mmoja mcheshi, alinicheka mpaka akajishika mbavu, akaniambia ni kile kidude cha kunusa moshi, betri imekwisha. Lakini siku ninayotaka kukusimulia, mwanangu, sikujua habari ya betri. Nilijua tu kwamba nyumba haina mtu, na nyumba inaita.

Nakuita mwanangu, nawe usinicheke. Najua sina hata unywele mmoja mweupe. Ila wewe umeshuka juzi tu na sanduku lako, bado unauliza basi la kwenda Al Garhoud linasimama wapi, na mimi nimekutangulia miaka kadhaa. Huku hilo linatosha kumfanya mtu mama.

Madam Esther ni Mmeru aliyeishi Marekani miaka mingi hadi akapewa pasipoti ya kule, kisha akaja Dubai kufundisha. Mimi nilikuwa nikimfanyia kazi za nyumbani. Alikuwa mwema, mwenye kucheka kwa sauti, na alikuwa anaukaribia umri wa kupumzika. Mwezi wa nne ule mama yake mzazi akafariki. Alibeba begi moja kwenda kwao kuzika, akaniachia ufunguo na bahasha ya karatasi za kodi nimpelekee Bi Salama, mhasibu wake pale Oud Metha. Mlangoni akaniambia, "Hakuna haraka, Mwende. Walitusongezea tarehe hadi mwezi wa kumi. Khalas, yamekwisha."

Ukiwa raia wa Marekani, mwanangu, hata ukihamia mwezini lazima uiandikie serikali yako kila mwaka ulichopata. Madam alikuwa pia na akaunti kule ya kumtunza uzeeni. Kila mwaka unaruhusiwa kuingiza kiasi fulani, mwisho ni siku ya kodi ya mwaka unaofuata, na ukichelewa, nafasi ya mwaka huo imekwenda na hairudi. Mimi hayo yote yalikuwa yakinipita. Kichwa changu kilikuwa kimejaa ndoto za saluni yangu ya Kitui, nilishaipaka hadi rangi.

Siku niliyokwenda Oud Metha vumbi lilikuwa limeshuka juu ya mji. Hujalijua vumbi la huku bado. Halina kelele. Unaamka dirisha limekuwa la rangi ya chai, jengo la ng'ambo limeondoka, na jua limebaki duara jeupe unaloweza kulitazama bila kupepesa. Watu barabarani walitokea ghafla wakiwa wamejifunga midomo, wakapotea tena bila neno. Basi lilipita daraja na sikuona chini.

Bi Salama alizaliwa Unguja, akaletwa huku akiwa mtoto, na kazi yake maisha yote imekuwa hesabu za watu. Akaipokea bahasha, akaipapasa, hakuifungua.

"Madam wako kashaweka zile pesa zake za kustaafu?"

"Bado, Bibi. Alisema wamesongezewa tarehe."

"Kasogezewa, au kaomba?"

"Si ni kitu kimoja?"

Akavua miwani. "Kitu kimoja! Haya, kaa kitako. Na hicho kitambaa kitoe mdomoni, humu ndani hamna vumbi, unanitisha kama mwizi."

Nikakaa. Akanieleza polepole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Mwaka ule wa maradhi, wakati dunia nzima ilijifungia ndani, serikali ya kule yenyewe ilisogeza siku ya kodi kwa watu wote. Na siku ya mwisho ya kuweka pesa za kustaafu ikasogea nayo, kwa sababu hizo mbili zimefungwa pamoja. Madam aliweka zake kwa kuchelewa mwaka ule na zikapokelewa. Kwa hiyo alidhani ndivyo mambo yalivyo siku zote.

"Lakini mwaka huu," Bi Salama akasema, "hakuna aliyesogeza kitu. Mimi ndiye niliyemwombea muda, kwa mkono wangu huu. Na muda wa kuombwa ni wa karatasi tu. Hata ile miezi miwili wanayopewa wanaoishi nje ni ya karatasi. Pesa haziongezewi hata siku moja. Nilimwandikia, akanijibu, 'Tumesongezewa, Bi Salama, wacha wasiwasi.' Tangu jana nampigia, hapatikani."

"Sasa mwisho wa pesa ni lini?"

"Leo."

Nikasema basi mwakani ataweka za miaka miwili. Bi Salama akatikisa kichwa. Mwaka uliopita, akasema, ndio wa mwisho Madam kulipwa mshahara kule Marekani. Mshahara wa shule ya Dubai, kwa jinsi anavyosamehewa kodi, hauhesabiwi katika akaunti ile. "Hakuna mwakani," akasema. "Hii ndiyo ya mwisho maishani mwake, na pesa yenyewe keshaitenga."

"Lakini Bibi, kesho anamzika mama yake."

"Najua."

"Nitamwambiaje mtu aliye katika kilio habari za pesa?"

Nyumbani kwetu, unajua, aliyefiwa haulizwi shilingi. Hata anayemdai hukaa kimya mpaka udongo ukauke. Nilidhani mwanamke wa makamo yale atanielewa.

"Kwa adabu," akasema. "Kwanza pole, halafu tarehe. We mtoto una moyo laini, nauona hata machoni. Ila kunyamaza kwako hakumfariji yeye, kunakufariji wewe. Atakapokuwa mzee hana nguvu za kusimama darasani, utakwenda kumwambia nilikuhurumia?" Nilipofika mlangoni akaniita tena. "Na akiweka, achague mwaka uliopita. Ukurasa wa akaunti huanza kuonyesha mwaka huu. Ukibonyeza tu bila kutazama, umeitupa."

Nilirudi na uso umeniwaka. Nyumba ilikuwa na mwanga ule wa chai, makochi yamekaa kama watu waliokatizwa mazungumzo. Tii. Nikasimama katikati ya sebule nikampigia Madam kwa simu ya intaneti.

Simu ikalia chumbani kwake.

Mwanangu, nilitoka mbio hadi kwenye lifti, miguu mitupu. Mlango wa chumba kile niliufunga mimi mwenyewe, na Madam alikuwa ng'ambo ya bahari. Ilinichukua muda kukumbuka kwamba tableti yake aliiacha kitandani, na namba ni ileile. Hata nilipokumbuka, nilirudi nikinyatia. Nikapiga tena. Ikalia tena nyuma ya mlango, kwa upole, kama inayomwamsha mtu, na hakuna aliyeamka. Jioni ile yote niliita na nyumba ikaitika. Mwishowe nikaandika ujumbe, pole kwanza halafu tarehe, nikausoma, nikaona aibu, karibu niufute. Nikautuma.

Niliamka alfajiri nikaangalia simu. Tarehe ilikuwa imebadilika. Nje hakukuwa na nje, kijivu tu kimejibandika kwenye kioo. Nikalia kidogo, kwa ajili ya mama mmoja mwenye kucheka kwa sauti ambaye hajui amepoteza nini.

Ndipo simu ikaita mkononi mwangu.

"Mwende?" Ilikuwa sauti ya Madam, ndogo, na nyuma yake watu wengi wakiimba nyimbo za kilio. Alikuwa amepanda kilimani barabarani kutafuta mtandao, anangojea gari la jeneza. "Nimeona ujumbe. Ni kweli?"

"Ni kweli, Madam. Pole sana. Na imeshapita. Ilikuwa jana."

Nyimbo zikaja, zikaenda.

"Ngoja," akasema. "Huko kumekucha?"

"Ndio kunakucha."

"Basi kule Marekani nilikokaa wanaosha vyombo vya usiku. Mwende! Kule bado ni jana! Ingia chumbani, chukua tableti, fanya haraka, hii simu yangu haifungui kitu."

Nikaingia. Kitanda kilikuwa na umbo la begi alilolifungia pale. Akanitajia neno lake la siri, ambalo nimelisahau kwa makusudi, na akanielekeza ukurasa kwa ukurasa, sauti ikikatika na kurudi. Kiasi kikaandikwa. Kisha ikaja sehemu ya mwaka, na kweli, kilichokuwa kimewekwa pale ni mwaka huu.

"Madam, nichague upi?"

Hakujibu. Simu haikukatika, mwanangu, ningependelea ikatike. Ilibaki wazi, na ndani yake hakukuwa na Madam tena, ni kuimba tu, kwa lugha nisiyoijua, kukisogea karibu kama kwamba msafara unapita ushorobani. Gari lilikuwa limefika, alinieleza baadaye. Aliishusha simu bila kuikata. Mimi nilikuwa peke yangu kitandani kwa mtu, na pesa za uzee wake, na kidole changu. Tii, ikasema nyumba.

Nikaugusa mwaka uliopita. Nikausoma mara ya pili kwa sauti. Nikabonyeza.

Ujumbe wa kupokelewa ukaja palepale, na ulikuwa na tarehe ya jana.

"Imekubali, Madam," nikaiambia ile simu. Nyimbo zilikuwa zinafifia, zinateremka kilima. Kisha nikasikia, mbali, sauti yake ikisema, "Asante, mtoto wangu," sijui kama ni kwangu au ni kwa aliyekuwa kando yake.

Sasa nisikilize. Ukisikia tarehe imesogezwa, uliza imesogezwa na nani. Serikali ikiisogeza kwa watu wote, uliza tena kama na tarehe ya kuweka akiba imekwenda nayo, wakuonyeshe palipoandikwa. Ukiomba muda mwenyewe, jua umeombea karatasi. Usichukue ruhusa ya mwaka fulani ukaivika mwaka mwingine. Utakuwa na akiba yako siku moja, ya nyumbani au ya popote, nayo itakuwa na masharti yake tofauti na haya. Yaulize kabla hujahitaji kuyajua. Na ukimwona mtu yuko karibu kupoteza kitu chake, mwambie, hata kama analia. Shika mkono wake, sema pole, halafu sema tarehe.

Mungu akutunze katika mji huu, akupe mabosi wenye utu na marafiki wasioona haya kukuamsha. Uzee ukufikie ukiwa na mahali pa kuketi.

Asubuhi ile, baada ya simu kukatika, nilibaki nimekaa palepale hadi mwanga ukaingia. Kisha nikachukua simu yangu, nikafungua sehemu ya saa, nikaongeza saa ya pili, ya mji ule wa Marekani ambao sijawahi kuukanyaga. Nikaiangalia ikitembea, mpaka jana yao ikaisha.