Mama wa Ubao na Salamu Alizozikata

Simu ya Jumanne iliyopita ilianza kama simu zote za watu waliolelewa wakaleleka. "Shikamoo mjomba," alisema binti aliyekuwa akipiga kutoka Bunda. Marahaba, mwanangu. "Habari za Musoma?" Nzuri tu. "Watoto hawajambo?" Hawajambo. "Na sisi huku hatujambo," akasema, sauti imeshalowa machozi, "ila mama ametutoka alfajiri." Kilio nilikuwa nimekisikia tangu ile shikamoo. Ningekuwa mtu wa pupa ningemkatiza nimuulize kuna nini. Sikumkatiza. Nilijibu salamu moja baada ya nyingine, nikasubiri afike mwenyewe. Subira hiyo nilifundishwa na huyo huyo mama yake, na yeye aliipata kwa bei ambayo simtakii hata adui yangu.

Tulimwita Mama wa Ubao, na kijana wa leo akisikia hivyo atadhani aliuza mbao. Ngojeni nieleze. Kabla intaneti haijafika kwetu, palikuwa na chumba kimoja hapa Musoma, kwenye ofisi ya afya ya shirika moja la dini nisilolitaja, chenye kompyuta iliyounganishwa na waya wa simu. Bunda, Butiama na Nyegina kulikuwa na kompyuta nyingine ndogo. Hizo zilipiga simu Musoma, zikabandika ujumbe wao kwenye ile kubwa kama mtu anavyobandika tangazo ubaoni, zikachukua ulioandikwa kwa ajili yao, zikakata. Kusoma na kuandika kulifanyika baadaye, simu ikiwa imeshakatwa, maana laini zilikuwa mbovu na za kugombaniwa, isipokuwa Butiama, kijiji cha rais wa kwanza, ambako simu haijawahi kuwa shida kama kwetu. Nilikuwa mgeni wa kila siku wa chumba kile kwa sababu habari zangu zilipita hapo kwenda kwa mhariri. Huyu mama ndiye aliyekuwa mwenye chumba na huo ubao.

Alifika pale akitokea kwenye shirika la umma, alikokuwa mpiga teleksi. Ilikuwa miaka ya kupunguza, wazee wenzangu mnaikumbuka. Sabuni tuliyoipangia foleni sasa ilijaa madukani mpaka barazani, lakini waliokuwa na mshahara wa kuinunulia ndio waliokuwa wakipewa barua za kuachishwa. Kila mkubwa alikuja na mkasi wake. Walipunguza ruzuku, wakapunguza watumishi, wakapunguza vitanda vya wagonjwa, na aliyepunguzwa aliambiwa asiwe mvivu, biashara ni ruksa. Mama huyu alipunguzwa pamoja na mashine yake ya teleksi siku moja, akaniambia kwa uchungu kwamba mashine walau ilifunikwa turubai.

Alipokabidhiwa kompyuta hakuiogopa. Programu ya kusomea ujumbe na ile ya kuandikia zilikuja na Kiingereza chao na ukorofi wao, na yeye akazifumua na kuzishona upya, kama baba yake, fundi cherehani wa sokoni, alivyokuwa akigeuza kola ya shati lililochakaa. Maneno yote ya kwenye kioo akayaweka kwa Kiswahili: Soma, Jibu, Tunza, Tupa. Kwa sista mmoja wa Nyegina mwenye macho mabovu aliweka herufi kubwa za njano juu ya bluu. Dada wa kituo cha Butiama alikuwa akitupa ujumbe kila alipotaka kuujibu, basi akamhamishia kitufe cha kutupia kwenye kona ambako kidole hakifiki kwa bahati mbaya. Kisha akafanya lile lililompa sifa mpaka nje ya mkoa: alitia salamu kwenye kitufe. Mkatoliki akikibonyeza anapata Tumsifu Yesu Kristo, Mwislamu wa Bunda anapata Asalaam aleikum, mlokole anapata Bwana asifiwe, na nyuma yake inafuata aya nzima: habari za kazi, habari za nyumbani, sisi huku wazima, hofu na mashaka ni juu yenu. Watu walifurahi kama wamepewa karani.

Hapo ndipo balaa lilipopata mlango. Wasimamizi wa mradi wakaanza kunung'unika kwamba salamu zinakula muda, kwamba anayefungua ujumbe anapekua kioo kizima kabla hajafika kwenye jambo. Mama wa Ubao akawatengenezea dawa. Programu ya kusomea ya pale Musoma, hiyo moja tu kwa kuwa ndiyo iliyopokea ya vituo vyote, aliifanya iruke aya ya kwanza ya kila ujumbe na kuanzia ya pili. "Salamu nimeziandika mwenyewe," aliniambia akicheka, "sasa nizisome za nini, mwandishi?" Hoja haikuwa na ufa. Ila jamani, mnatujua tulivyo. Mtu wa kwetu hasemi shida kabla hajasema hajambo. Paa linaungua, atakwambia sisi hatujambo, ila paa linaungua. Na hiyo "ila" haianzi aya yake yenyewe. Inakaa pale pale kwenye salamu, mkia wa hatujambo.

Sitawaficha kilichotokea, msije mkadhani nawategea kitendawili. Kipindupindu kiliingia kambi ya wavuvi kisiwani Rukuba. Tabibu wa zahanati iliyotazamana na kisiwa alipanda baiskeli hadi Nyegina, akabonyeza kitufe cha salamu kama mtu mwenye adabu zake, na papo hapo, bila kuruka mstari, akaendelea: ila kambini Rukuba watu wanaharisha na kutapika, maji meupe kama ya kuoshea mchele, tumeshazika, naomba dripu na boti haraka. Kisha akafungua aya ya pili: Pia naomba mafuta ya taa ya friji ya chanjo. Musoma ilisoma hiyo ya pili tu. Mama wa Ubao akamjibu kwa ukarimu wote kwamba mafuta ya taa yatakuja na gari la wiki. Tabibu akaandika tena, akasalimia tena, akaweka tena shida yake mahali pale pale, na chini yake akakumbushia mafuta.

Nilikuwepo asubuhi mama mmoja mchuuzi wa samaki alipoingia na kapu tupu. Macho yalikuwa mekundu, kanga imefungwa kiunoni kama ya mtu anayekwenda kupigana. Na hata yeye, na hasira zake zote, alisalimia kwanza.

"Habari za asubuhi, dada."

"Nzuri mama, karibu kiti."

"Sikai. Sisi hatujambo, ila mdogo wangu anakufa Rukuba na nyie mmekaa hapa na mashine yenu."

Mama wa Ubao alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye. "Anakufa na nini?"

"Unaniuliza mimi? Daktari wetu si anawaandikiaga? Anaendaga Nyegina na baiskeli yake, anarudi, anatuambia nimeshasema. Mkamjibu mafuta ya taa! Mafuta ya taa, jamani, na mtu anakufa?"

"Mama yangu, kila ujumbe naufunguaga mwenyewe. Hakuna ulionitajia ugonjwa. Wallahi hakuna."

"Basi fungua na mimi nione."

Akaufungua. Mchuuzi aliinama, akasoma polepole, kidole kikifuata maneno kwenye kioo: Pia naomba mafuta ya taa. Akanyanyuka. "Pia?" aliuliza. "Pia na nini?"

Nimekaa kwenye vyumba vya habari maisha yangu yote na sijasikia swali zito kuliko hilo. Mama wa Ubao akaurudia mstari. Neno lile alilipita kwa macho yake mwenyewe na halikumgutusha, kwa sababu mtu akishakizoea kioo chake hakisomi tena, anakipitia. Kisha akabonyeza kitufe cha kupanda juu, na aya ya kwanza ikateremka mbele yetu, Tumsifu Yesu Kristo yake, hofu na mashaka yake, na ile ila. Akafungua ujumbe wa pili. Ila ya pili ilikuwa mbaya kuliko ya kwanza. "Ya Rabi," alisema, "nimewaziba watu midomo." Mchuuzi hakumtukana. Alikaa sakafuni na kapu lake, akaanza kuomba kwa lugha ya kwao, na mimi nikatoka mbio kumtafuta daktari wa ofisi.

Dripu zilizokuwepo Musoma hazikutosha kitu. Nyingine zilikuwa Butiama na Bunda. Niliporudi nilimkuta akiandika, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakugusa kitufe cha salamu. Aliandika: Rukuba kipindupindu, leteni dripu zote sasa hivi. Hakungoja vituo vipige, akawapigia mwenyewe; simu ikakatika. Akapiga tena, ikakatika. Modemu ililia weee, ikanyamaza, ikalia tena, na mchuuzi pale sakafuni akawa anauliza kila mara, "Imeenda? Imeenda?" Ilipoenda, hatukupata jibu. Tulikaa tukikitazama kile kioo, sijui kama wameusoma au wamekwenda chai, na daktari akasema tutaondoka na tulizonazo, upepo wa mchana usije ukatufungia ziwa. Tulikuwa tunapakia boti gari la Butiama lilipoingia ufukoni na maboksi. Yule dada wa kituo, wa kitufe kilichohamishwa, aliruka chini kabla halijasimama. Kumbe kwake salamu zilionekana zote, yeye hakuwekewa mkasi. "Nilipoona hujanisalimia," alimwambia mwenzake, "sikungoja kumaliza. Nikajua kuna kifo."

Mama wa Ubao alilazimisha kupanda boti, ingawa hakujua kuogelea wala kutibu. Njia nzima mchuuzi alikuwa mbele, kanga mdomoni, akikitazama kisiwa. Tabibu alitupokea majini mpaka magotini. Alikuwa amekonda, na alichosema kilinichoma kuliko makaburi mapya niliyoyaona nyuma ya kambi. "Mliponijibu mafuta ya taa peke yake," alisema, "nilidhani wakubwa mmeshaamua. Kwamba tunyamaze, wanunuzi wa sangara wasikimbie. Mimi nani nibishane?" Mnaona basi. Ukimya wa mashine aliuchukua kuwa amri, na katika miaka ile, biashara ilipokuwa ndiyo mfalme mpya, hakuwa mjinga kufikiri hivyo. Mdogo wake mchuuzi tulimkuta kibandani, macho yamezama, ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama. Alikuwa anapumua. Daktari alitafuta mshipa, akaukosa, akatafuta tena, na dada mtu alimshika kichwa akilitaja jina lake bila kupumzika mpaka maji yakaanza kushuka kwenye mpira. Huyo alipona. Wale wa nyuma ya kambi walikuwa wameshalala, na Mama wa Ubao alikwenda akasimama kwenye kila kaburi, kisha akarudi kwenye boti.

Ofisi haikumfukuza. Wakubwa walitaka kumlaumu tabibu kwa kutoandika "kitaalamu", shida kwanza, salamu baadaye. Mama wa Ubao alikataa katakata. "Huyu aliandika kama binadamu," aliwaambia, "mimi ndiye niliyesoma kama mkasi." Kisha akakaa na ile programu ya kuandikia akaibadilisha mara ya mwisho. Kitufe cha salamu kilibaki, lakini ikifika kwenye "sisi huku" inasimama. Haisemi wazima. Inakungoja, na haiendi mbele mpaka uandike mwenyewe mko vipi. Na ya kusomea ya Musoma aliifanya ifungukie pale pale. Wasimamizi walinung'unika. Aliwaacha wanung'unike.

Nimeikumbuka ile "sisi huku" yake mara nyingi tangu hapo. Mkasi wa miaka ile haujarudishwa kabatini, umepata tu mikono mipya. Simu zetu sasa zinatupa majibu yaliyopikwa tayari, unagusa tu, "poa", "sawa", dole gumba, na mjukuu wangu ananiona mzee wa kale ninapodai shikamoo yake na kuandika marahaba yangu. Sina ugomvi na mashine. Huyu mama aliipenda mashine kuliko watu wote niliowajua, na sista aliyesoma kwa herufi za njano alimwombea mpaka sista mwenyewe akafa. Ninalolichukia ni ile hukumu ya haraka kwamba mwanzo wa maneno ya mtu ni mapambo, na ya maana yako mbele. Wenye mkasi huwa hawakai karibu na kinachodondoka.

Mwezi uliopita Mama wa Ubao aliniandikia kwenye simu. Alinisalimia kwa kirefu, kisha: sisi huku wazima, ila kifua kidogo. Nilipanda gari siku ile ile kwenda Bunda. Nilimkuta kwenye mkeka, mito nyuma ya mgongo, akanicheka. "Mwandishi! Umekuja safari yote kwa ajili ya kifua kidogo?" Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya ila. Akaacha kucheka. Nikamuuliza habari. "Nzuri," alisema. Nikanyamaza. Nje, mtu alikuwa akikata kuni. "Nzuri kabisa," akarudia, akalitazama dirisha kwa kitambo, nami sikutikisika. Kisha akanishika mkono, mwanamke yule aliyepanda boti bila kujua kuogelea, akasema, "Ila naogopa."

Nilikaa naye mpaka adhana ya alasiri. Hatukuongea mengi, na hofu haikumwisha, lakini hakuwa nayo peke yake. Mwenyezi Mungu amrehemu. Ningetosheka na ile nzuri yake ya kwanza, ningerudi Musoma nikiwaambia watu kwamba nimemkuta hajambo. Basi mtu akikujibu nzuri, msomaji wangu, usinyanyuke bado. Kaa kidogo.