Mzee wa Ziwa na Boti ya Tyubu

Ilianza Jumamosi ya pili ya likizo ya Aprili, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Saa naijua kwa sababu nilikuwa nimeshika simu ya Mama nimulike njia ya bwawani, na nilipomwona yule mzee wa ziwa niliizima tochi haraka, kioo kikanionyesha saa kabla hakijawa cheusi.

Alikuwa amepiga magoti majini kando ya boti yetu, upande wa kushoto, nyuma. Mkononi alikuwa na kisu. Alikata kitu, akavuta, kisha akageuza kichwa huku na huku. Nilijikunyata nyuma ya mtungi wangu wa lita ishirini, kana kwamba mtungi unaweza kumficha mtu wa kidato cha tatu. Hakuniona. Nilirudi nyumbani bila maji, nikamwambia Mama maji yamechafuka.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza siku hiyo, na ulikuwa mdogo.

Burat si mahali pa boti. Hapa watu wanajua mbuzi, lori na vumbi. Lakini mvua ya mwaka huu ilijaza bwawa mpaka likala barabara, na kulizunguka kwa miguu ukitaka kwenda Isiolo mjini kunakumaliza asubuhi nzima. Baba yangu anaziba pancha pale Kiwanjani. Akaleta tyubu sita za lori, akazijaza upepo, akazifunga chini ya mbao. Watu walicheka. "Hiyo ni kitanda ama ni nini?" Baada ya siku mbili wote walikuwa wanapanga foleni.

Shida haikuwa kuelea. Shida ilikuwa kufika. Baba alikuwa anaielekeza ufukweni kama anavyoingiza mkokoteni getini, kwa nguvu. Mara ya kwanza pua ya boti ilijichimbia kwenye mawe, mwalimu mmoja wa shule ya msingi akaruka mbele na kuanguka matopeni na karatasi zake zote. Ndipo akatokea yule mzee. Alikuwa Mturkana kama sisi, lakini wa kule ziwani kabisa, kaskazini, aliyekula samaki maisha yake yote. Alikuja kumtembelea binti yake akakwama kwa sababu ya maji. Alimtazama Baba akiangusha watu, akasema tu, "Niachie huo mti."

Mti wenyewe ni fito ndefu ya kusukumia. Kutoka siku hiyo yeye ndiye alikuwa mwenye kusukuma, na Baba mwenye boti.

Alikuwa na njia yake ya kufikisha boti nchi kavu, na hakubali ibadilishwe hata kidogo. Mkikaribia, anaacha kusukuma, boti inajiendea yenyewe polepole. Anasema "Nyuma!" na wote mnasogea nyuma mkiwa mmekaa, ili pua inyanyuke. Haendi penye mawe. Anatafuta tope laini, anaingia wima, si kwa ubavu. Pua ikipanda tope, anashuka yeye kwanza, anakanyagakanyaga kuona kina. Halafu ndiyo mnashuka, mmoja mmoja, kupitia katikati. Ukisimama kabla hajasema, anakutazama mpaka unakaa.

"Huyu anatupanga kama viazi," mama mmoja wa sokoni alikuwa akisema kila siku.

"Viazi havisimami," mzee alimjibu.

Nyumbani hatukumwamini. Nasema ukweli. Shosho, mama yake Baba, alizaliwa Kipsing kati ya mbuzi, na kwake mtu wa samaki ni mtu aliyepoteza mifugo kwa uzembe. "Mtu hana hata mbuzi mmoja," alisema, "halafu anapewa mali ya mtu alinde? Anaangalia tu mahali pa kuipeleka." Mimi nilikuwa nasikiliza. Mtu asiyeongea sana husikiliza sana, na mambo yanamwingia.

Ijumaa jioni Baba alituambia mimi na Shosho tuiwekee boti boma la miiba, kwa sababu fisi walikuwa wameanza kutafuna mipira ya magari pale barabarani, naye hangeweza kukesha akiwafukuza. Tulikata matawi ya mgunga tukayapanga kuizunguka, vile tunavyowapangia mbuzi. Mzee wa ziwa akaja akaangalia. Akapima kwa miguu, hatua sita kutoka kwenye maji.

"Miiba isipite hapa," aliniambia. "Mvua ikinyesha juu milimani usiku, maji yatapanda. Boti itakuja kukalia miiba."

Baba akaitikia kwa kichwa. Wanaume wakaondoka. Shosho akabaki akitazama lile pengo kati ya boma na maji.

"Umeona?" akaniambia. "Amejiachia mlango. Ziba."

Ungemjibu nini Shosho? Niliburuta matawi mawili mpaka majini, moja huku, moja kule, nikayafunga kwa kamba ya katani kwenye vigingi ili yasisogee. Nilichomwa kidole. Nilijiona nimefanya kazi nzuri.

Sasa mrudi nami Jumamosi.

Saa mbili watu walikuwa ufukweni, kumi na mmoja pamoja na Mama, aliyekuwa anapeleka sukuma wiki mjini. Nilipanda pia. Sikumwambia mtu nilichokiona alfajiri. Nilitaka kwanza kumtazama yule mzee usoni. Niliketi nyuma, kushoto, juu ya ile tyubu aliyokuwa ameipigia magoti. Alibonyeza kila tyubu kwa kiganja kabla ya kuondoka, na alipofika kwenye ile yangu aliibonyeza mara mbili. Mara mbili! Moyo ukaniambia: anaangalia kama kazi yake imeshika.

Tulikuwa tumepita katikati ya bwawa niliposikia chini yangu sauti kama ya mtu anayenyamazisha mtoto. Shhh. Povu likatoka. Mbao zikaanza kulala upande wangu, maji yakanipata viatu.

"Tyubu!" mtu akapiga kelele.

"Msisimame!" alisema mzee. Hakupaza sauti. "Wewe msichana, njoo huku. Mama, leta huo mzigo katikati. Kulia, wote kulia, mkitambaa kwa matako."

"Tunakufa, Yesu!"

"Utakufa ukisimama. Kaa."

Hakutupeleka mahali petu pa kila siku. Aligeuza boti kwenda kwenye ulimi wa tope ulioingia majini upande wa mashariki, karibu zaidi, mahali ambapo sikuwahi kuona mtu akishuka. Aliingia wima, polepole, upande wa kushoto ukiwa bado umelala kidogo, na pua ikapanda tope bila hata kutikisa. Akashuka, maji yakamfika magotini. Akashika ubao kwa mkono mmoja. "Sasa. Mmoja mmoja." Tulishuka wote. Hakuna aliyelowa kupita kiuno, isipokuwa sukuma wiki za Mama.

Ungedhani watu watashukuru. Lakini hofu ikimaliza kutoka, mtu anatafuta pa kuiweka.

"Alijuaje kuna tope huku?" aliuliza yule mama wa sokoni. "Ati alikuwa amepapanga?"

"Mtu wa ziwa akose kujua tope?" mwingine akasema, lakini bila nguvu.

Baba, aliyekuwa anatungoja upande wa mjini, akaja mbio kwa ukingo, anahema. Akauliza kuna nini. Na mimi, ambaye darasani nikiulizwa jina langu nalisema kama siri, nikasikia sauti yangu ikitoka mbele ya watu wote:

"Nilimwona asubuhi. Alikuwa kwa boti na kisu."

Mzee akanitazama.

"Ameona vizuri," akasema. "Nilikuwa na kisu. Maji yalipanda usiku. Kulikuwa na miiba majini imefungwa kwa kamba, boti imeikalia. Nilikata kamba, nikarudisha matawi kwenye boma. Nikashika tyubu zote, zilikuwa ngumu. Nikafikiri nimewahi."

"Miiba gani majini?" Baba akasema. "Boma liliachwa hatua sita. Si tulipima pamoja?" Akanigeukia. "Wewe ndiye uliweka. Uliweka miiba mpaka majini?"

Mama alikuwa amesimama pale anakamua leso. Midomo yake ilikuwa inatetemeka kwa baridi. Watu kumi na mmoja walikuwa wananitazama.

"Hapana," nikasema.

Basi. Neno moja tu. Yule mama wa sokoni akapiga makofi mara moja: "Sasa je!" Baba alimwambia mzee aweke ule mti chini, na kwamba kesho asubuhi, kabla ya kanisa, wataenda pamoja kwa chifu, halafu asionekane tena kwenye bwawa hili. Binti yake alikuwa amevuka nasi, amebeba mtoto mgongoni. Alisema, "Baba yangu hawezi." Alisema mara nyingi. Mzee aliweka fito chini taratibu, akaondoka.

Mchana Baba aliifungua ile tyubu akaitumbukiza kwenye beseni la maji, kama anavyofanya kazini. Viputo vilitoka mahali pawili. Kwa koleo akachomoa miiba miwili ya mgunga iliyovunjikia ndani. Ilikuwa imeziba matundu yenyewe mpaka uzito wetu ulipoikalia. Nilidhani ataelewa. Akainyanyua kwenye mwanga.

"Mjanja," akasema. "Angetumia kisu ningejua. Ameichoma kwa mwiba ili tulaumu boma."

Nikaelewa kwamba mtu akishaamua, hata miiba inamsaidia.

Shosho alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharagwe. Hakuinua macho. Nilimtazama sana, nikingoja aseme: mjukuu wangu aliweka, mimi nilimwambia. Alichambua tu. Ndipo nikaanza kumshuku yeye pia. Mama alikuwa amemsimulia yote ya ufukweni. Kwani alijua tangu hapo? Alisikia ile "hapana" yangu akainyamazia kwa ajili yangu, au kwa ajili yake? Jioni alinipakulia chakula kuliko wote, na nyama akaniwekea ile ya mfupa ninayoipenda. Sikuweza kuila. "Watu wa ziwa watarudi kwao," akasema, kama anayezungumzia hali ya hewa, "na sisi tutabaki na bwawa letu."

Nilifikiria kuandika barua. Mimi nikishindwa kusema huandika. Nilichana karatasi tatu kwenye daftari la kemia. Ya kwanza ilisema "mtu fulani aliweka miiba". Ya pili ilisema Shosho. Ya tatu ilianza na "mimi", nikaisoma, nikaona hata hiyo ni ujanja: nilitaka Baba aisome nikiwa mbali. Na chifu hangesoma daftari langu. Angemwona tu mzee asiye na mbuzi, na watu kumi na mmoja waliolowa.

Asubuhi, Jumapili, nilivaa nguo ya kanisani nikateremka bwawani kabla Mama hajaamka. Watu walikuwa wameshafika, wanangoja Baba aone kama tyubu imekaza. Mzee wa ziwa alikuwa amesimama pembeni na binti yake, mfuko wake mmoja begani, tayari kwa safari ya chifu. Nilipita katikati ya watu mpaka mbele ya Baba.

"Ni mimi niliweka miiba majini," nikasema.

"Nini?" Baba alikuwa ameinama, anapiga pampu.

Hakuna aliyesikia. Pampu ilikuwa inapiga kelele, na yule mama wa sokoni alikuwa anasimulia habari za jana kwa mara ya tano. Bado ningeweza kusema "shikamoo" na kurudi nyumbani. Nikangoja Baba ainuke. Nikageuka nikawatazama watu wote, na mzee nikamtazama, nikasema tena kwa nguvu, mpaka mama wa sokoni akanyamaza:

"Ni mimi. Jana nilidanganya. Miiba niliifunga mimi majini kwa kamba, na mzee huyu ndiye aliitoa."