Mgonjwa wa Kiasi

Mara ya kwanza nilimwona akifa nikiwa na miaka kumi na minne, katika banda la video mtaani Buyenzi, Bujumbura, nimekalia kreti la soda. Alikuwa Mwingereza mwovu mwenye adabu nyingi. Aliomba radhi kabla ya kumpiga mtu risasi, kisha naye akapigwa, akaporomoka ngazini polepole, na heshima zake zote. Tulipiga makofi. Miaka thelathini na tano baadaye niliajiriwa hapa Brussels kumwogesha.

Nilipomtambua sikumwambia. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao, na kazi hii ina sheria moja ambayo haikuandikwa popote: mtu ukiwa unamfuta makalio kwa taulo, usimkumbushe kwamba alikuwa mkubwa. Alinikumbusha mwenyewe, kila siku, kabla ya chai. Alinipitisha koridoni mbele ya picha zake za filamu, moja baada ya moja, nami nikaitikia "kumbe!" mahali panapostahili. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa najua hadithi zake kuliko yeye, na nilimrekebisha alipozikosea.

Alikuwa mwana wa muuza nyama wa mji mdogo kaskazini mwa Uingereza. Shule ya uigizaji ilimvua lafudhi ya baba yake ikamvisha ya kitajiri, na hakuivua tena hata usingizini. Miaka saba alisimama jukwaani London na mkuki nyuma ya wafalme wa watu wengine, bila kusema neno. Siku alipopewa neno lilikuwa "Wanakuja, mtukufu," na aliniapia kwamba hakuna binadamu aliyewahi kutangaza ujio wa maadui kwa uzito ule. Baadaye filamu zikamwona ana uso wa mtu anayeficha jambo, zikampa majambazi wa tabaka la juu, makanali wasaliti, na mara mbili afisa wa kikoloni huko kwetu Afrika. Kutokana na hao maafisa alibaki na maneno mawili ya Kiswahili, naye aliyatumia. "Maji! Haraka!" alinguruma kutoka kitandani, nami nikampelekea maji haraka, kwa sababu ndivyo unavyosema mkataba wangu.

Brussels alikuja kwa kumfuata mkewe, Mbelgiji aliyekuwa akishona mavazi ya jukwaani. Walinunua nyumba ghorofa ya tatu, katika kichochoro kinachotokea barabara ya Chaussée d'Ixelles. Hawakujaliwa mtoto. Mke alipofariki, mzee alibaki na cherehani yake dirishani na kiapo kimoja, kwamba mle ndani atatoka akiwa amebebwa. Nyumba ya wazee aliichukia kwa sababu niliyoiona ya kipuuzi, ingawa baadaye niliielewa: kule, alisema, una watazamaji mchana kutwa na hakuna mlango wa kutokea jukwaani.

Sasa, ili ubaki nyumbani kwako katika nchi hii, lazima upimwe. Bima ya afya humtuma mama mmoja mwenye fomu, akuulize kama unaweza kuoga, kuvaa, kula na kukumbuka leo ni siku gani. Kila usichoweza kina alama. Ukipata alama chache, wewe ni mzima, wahudumu wanapunguzwa. Ukipata nyingi mno, huwezi kukaa peke yako, unapelekwa nyumba ya wazee. Anayebaki kwake na msaada wa kutosha ni yule wa katikati, mgonjwa wa kiasi. Mzee wangu hakuwahi kuwa wa kiasi katika jambo lolote maishani mwake.

Mama wa fomu alipokuja mara ya kwanza, mzee alimpokea mlangoni na tai shingoni. Tai ile nilimfunga mimi, lakini aliinyoosha mbele ya mgeni kana kwamba ndiyo kwanza amemaliza. Alimbusu mkono. Alimvutia kiti. Alipoulizwa kama anaweza kuoga mwenyewe, alijibu, "Bibi, mimi nimeoga katika mto wenye mamba." Ilikuwa filamu, na mamba alikuwa wa plastiki. Mama alicheka, akaandika. Mimi nilikuwa jikoni nikiuma kitambaa cha vyombo.

Barua ikaja: mzee ni mzima. Mimi nikabakiziwa asubuhi mbili kwa wiki, na mwenzangu wa jioni, maman mmoja wa Bukavu, akaondolewa kabisa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo kilikaribia kweli kumuumbua. Haikupita wiki, nilifungua mlango nikamkuta sakafuni bafuni, na soksi moja. Alikuwa amelala vile anavyolala kwenye filamu, mkono mmoja umenyooka mbele. Ninaona haya kulisema, lakini kwa muda mfupi nilisimama pale nikingoja ainuke.

Alipona, na nyonga yenye rangi ya zambarau. Tukakata rufaa, tukapangiwa kupimwa upya. Niliapa safari hii sitaiacha kazi mikononi mwa msanii. Maman wa Bukavu alinipigia simu aliposikia.

"Tonton, bon, njo unafundisha mugonjwa namna ya kugonjwa?"

"Kidogo tu, maman."

"Alors, umwambie asizidishe. Ule muzee namujua. Ukimupa kidole, anakamata mukono yote. Wakiona iko grave sana, watamupeleka ku maison de repos, ile nyumba ya bazee, donc tutakuwa tumemuua siye wenyewe."

Alisema kweli. Siku ya kwanza ya mazoezi nilimwomba mzee anionyeshe jinsi atakavyokuwa dhaifu, akanipa mfalme anayekata roho. Macho yaligeuka meupe. Mkono ulitafuta taji hewani. Jirani wa chini aligonga dari. Nikamwambia kwa hali hiyo hawampeleki hata nyumba ya wazee, wanampeleka moja kwa moja makaburini. Akaniuliza basi huyo mtu ninayemtaka ni nani, anatoka wapi, anatamani nini. Nikamwambia ni wewe, mzee, ni wewe huyo huyo, huwezi kufunga vifungo. Alifikiri sana, akasema hiyo ni nafasi mbovu, na wakati wake angeikataa.

Nilikasirika, nikatoka kwenda kununua mkate ili nisimtukane. Njiani nikamkumbuka marehemu babu yangu, na nikaona tulikuwa tunatafuta mbali kitu kilichoko nyumbani. Kwetu Buyenzi mtu hasemi naumwa. Unamkuta mzee yuko mkekani, hajala siku mbili. Unamwuliza hujambo, anajibu sijambo. Habari za afya? Nzuri, alhamdulillahi. Hapo heshima ya nyumba imetimia. Ndipo anatazama dari kidogo, anasema "ila". Ila mgongo. Ila usiku sipati usingizi. Yote unayotakiwa kujua yako baada ya ile ila, na anayekimbilia kuyasema kabla yake amekosa malezi.

Nilimweleza mzee nikiwa bado na mkate kwapani. Macho yakamwaka. "Unanifundisha kunyamaza mahali pake," alisema, na wiki nzima tukafanya mazoezi ya kutazama dari. Alitaka kujua babu yangu alitazama kwa muda gani, kwa jicho gani, mikono iko wapi. Mwana wa muuza nyama alikuwa anajifunza kuwa mzee wa Kiislamu wa Bujumbura ili Ubelgiji imruhusu kuwa Mwingereza nyumbani kwake. Nami, sitaficha, nilikuwa na furaha isiyo na mshahara. Nilimpenda mzee yule.

Mama wa fomu alirudi asubuhi moja ya mvua. Tai hakuna. Mzee alikaa kwenye kiti cha dirishani, mikono magotini.

"Unaweza kuoga mwenyewe?"

"Naweza, bibi." Akatazama dari. "Ila kutoka kwenye bafu, hapo namhitaji huyu bwana."

"Na kuvaa?"

"Navaa vizuri tu. Ila vifungo."

Nilisimama mlangoni nikihesabu kila ila. Hakuongeza hata unywele. Alitaja siku, mwezi na mji, kama tulivyokariri alfajiri ile, mara nyingi kuliko nilivyotarajia. Kila swali alilijibu kwanza kwa heshima, kisha kwa ukweli, na mama wa fomu aliandika akiitikia kwa kichwa taratibu. Katika filamu zote za korido ile hakuna aliyocheza vile. Nilitamani banda zima la video lingekuwepo.

Mama alifunika kalamu, akasimama kuvaa koti. Kwa adabu tu, si swali la fomu, akanielekezea mkono akamwuliza, "Mnaelewana na huyu bwana?"

Mzee akanitazama. "Huyu mwanangu," akasema. "Wa kwanza."

Mimi ni mweusi, nina kofia na ndevu zimeanza mvi. Mama aligeuka kunitazama, hajui acheke au afungue tena kalamu. Sikumwacha ahangaike. Nikacheka. Mimi ndiye niliyeanza, tena kwa sauti. Naye akafuata, na mzee aliposikia watu wanacheka akainamisha kichwa kidogo, kama anavyopokea makofi. "Utani wake bado anao," mama alisema, akaongeza kitu kwenye karatasi, akaniomba nitie sahihi kama shahidi. Nikatia. Akatuahidi asubuhi zote na jioni zote, na mzee abaki kwake.

Nilimsindikiza mama hadi kwenye lifti, nikarudi nikisugua mikono. "Mzee, umewamaliza," nikamwambia. "Ila hilo la mwana, kidogo utuponze."

Hakuwa amesogea kitini. "Yule mwanamke ameondoka?" aliuliza. "Alikuwa anataka nini?" Kisha akanyoosha shingo kuelekea chumba cha kulala, akashusha sauti kama watu wenye mgonjwa ndani. "Usimwambie mama yako kwamba nilianguka. Hatalala."

Nilimtazama usoni nikimtafuta mwigizaji. Nilimtafuta kwa bidii, nikimwomba Mungu nimpate. Mezani ilikuwepo nakala ya fomu, na chini yake jina langu nililoliandika mwenyewe, nikishuhudia kwamba mzee ana akili timamu na usiku anaweza kuachwa peke yake.

"Simwambii, Baba," nikamjibu.