Kisu cha Nondo

Ipo siku moja ya mvua za mwanzo, mwanangu, ambayo huikumbuka kila ninaposikia watu sokoni Njombe wakilalamika kwamba visu vya siku hizi vimeshuka, eti chuma si kile cha zamani. Mimi mwenyewe niliwahi kukishusha kisu, tena nikiwa na nguvu zangu zote.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nikifua visu Makambako, karibu na mahali malori yanapolala. Baba mkubwa, aliyenifundisha kazi, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia na kuniachia fuawe, nyundo na alama yake ya nukta tatu aliyoigonga kwenye kila kisu. Yeye alitumia springi za malori tu. Springi ni kaidi. Unaigonga mpaka mabega yanalia, na ukikosea kuizima kwenye oili inapasuka, kazi ya siku nzima imekwenda. Mimi nikaona vipande vya nondo vimezagaa kwenye nyumba zinazojengwa. Nondo ni laini. Nikawa nafua visu sita kwa muda wa viwili, nikivisugua mpaka unaona uso wako, na wateja wakisifu. Nukta tatu nikaendelea kugonga. Nilijiona mjanja kweli.

Kimoja alikinunua Mzee Mlowe, mgema ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Unajua mianzi yetu inavyodeka: kichipukizi hukatwa ncha, kisha asubuhi na jioni huchongwa kipande chembamba kama karatasi, ndipo utomvu udondoke kwenye mbeta, chombo cha mwanzi kilichofungwa hapo. Kisu butu hukiponda, kikakauka. Na usiniulize kama mzee wa kanisa kama mimi niliwahi kuuonja ulanzi. Ukiwa mbichi ni mtamu tu, basi.

Wiki mbili baadaye akaja. "Kamwene," akanisalimia kwa upole, kisha akaniomba tufuatane shambani kwake. Tulipofika akanishikisha kichipukizi kimoja, kingine, kingine tena. Vichwa vimepondeka, vyeusi, vikavu. Mvua zikikatika, ulanzi nao umekwisha hadi mwaka mwingine, na mzee yule hakuwa na kingine cha kulishia nyumba yake.

"Nakinoa asubuhi, jioni kimelala," akasema. "Nikadhani mkono wangu ndio umezeeka."

"Si mkono wako, baba. Ni nondo."

Akazitazama zile nukta. "Kijana wangu, mimi nilinunua jina la baba yako mkubwa. Wewe ukanipa chuma chako."

Mwanangu, nililia. Mtu mzima, katikati ya mianzi, mvua inanyesha. Kilichoniuma zaidi ni kwamba mzee alikuwa amejilaumu wiki mbili nzima kwa kosa langu.

Siku ileile nilimfulia kisu cha springi, na msimu wote uliobaki nikawa naenda kwake asubuhi na jioni kuchonga vichipukizi vilivyonusurika na vipya vilivyochomoza. Ulanzi ulipatikana, si mwingi, lakini nyumba yake haikulala njaa. Visu vingine nilivitafuta gulioni nikabadilisha kimoja kimoja. Viwili sijavipata hadi leo.

Kwa hiyo ukiniuliza kama chuma kimeshuka, nakwambia hapana. Ninyi mna bahati kuliko sisi: springi zipo, beringi zipo, na viwanda vya mbao hapa Njombe hutupa misumeno iliyochoka ambayo ni chuma kizuri ajabu. Kinachopungua ni subira ya anayechagua, na hiyo hurudi. Nimewaona vijana wa Makambako wakijaribu chuma kwa tupa kabla hawajawasha moto, nikafurahi sana.

Basi shika haya. Kabla hujagonga alama yako, kitumie kisu mwenyewe wiki nzima, jikoni na shambani. Kama ni cha nondo, sema ni cha nondo, mnunuzi aamue. Na mteja akirudi analalamika, kikague kisu kabla hujamlaumu yeye. Usimwache mtu adhani amezeeka kwa sababu yako.

Mungu akupe moto usiozimika mapema, mikono isiyo na papara, na wateja wanaorudi kukusalimia tu.