Mbegu Iliyotolewa kwa Kundi la Sala

Kiwanda cha shaba cha Shituru kiliponyamaza, Isidore alikuwa amekwisha kufanya kazi ya tanuru kwa miaka ishirini na miwili. Kwanza ulikoma mshahara, kisha mfuko wa unga ambao kila familia ya mfanyakazi ilipewa kwa mwezi. Kufikia Septemba 1993, nyumbani kwake walikula bukari, yaani ugali, mara moja kwa siku, na siku nyingine sombe tupu, majani ya muhogo yasiyo na chumvi.

Mkewe Madeleine, ambaye majirani walimwita Mama Tina, alikuwa amelima kipande cha ardhi nje ya mji. Mahindi ya mbegu aliyatundika kwa kamba juu ya moto wa jikoni ili moshi uyakinge na wadudu. Watoto walishinda na njaa chini ya mahindi yale, na hakuna aliyeyagusa.

Ndipo kundi la sala la mtaani likatangaza kwamba Kristo atarudi kabla ya Noeli. Kiongozi wao Eugène, aliyekuwa karani, alifundisha kuwa anayetunza mbegu hana imani. Isidore alimwamini. Simlaumu mtu kwa kukata tamaa. Namlaumu kwa kuivika hali yake ya kukata tamaa vazi la imani.

Siku mvua ya kwanza ilipolainisha udongo, Madeleine aliingia jikoni akakuta kamba tupu.

"Papa Tina, mbegu iko wapi?"

"Nilipeleka ku sala. Yesu anakuya, utapanda ya nini?"

Madeleine alikwenda moja kwa moja nyumba ya sala. Wanawake walikuwa wakipukuchua mahindi yake kando ya kinu, na zaidi ya nusu yalikwisha kuwa unga.

"Mama, weye Mukatoliki, haumungoje Bwana?" Eugène alimwuliza, na wenzake wakacheka.

"Miye namungoja toka ubatizo. Weye ulianza juzi, njaa ilipoingia."

Sasa kicheko kikamgeukia Eugène.

"Basi unapanda ya nini?"

"Batoto ndo Bwana alituachia. Akikuya kesho, anikute nabalimia. Akikawia, bakule nini? Mahubiri yako?"

Akakinga kitenge chake. Mwanamke mmoja, bila kumtazama kiongozi, akamimina punje zilizobaki. Hazikutosha hata nusu ya shamba. Madeleine alizipanda siku ile ile.

Noeli ilipokaribia, kundi lilivaa nguo nyeupe na kufunga siku tatu. Noeli ikapita. Wakatawanyika bila kuagana, na Eugène akahama mtaa. Isidore alirudi nyumbani akalala siku nne akiuelekea ukuta. Tina, binti yao, alikuwa ameanza kuvimba miguu kwa njaa. Kama Madeleine angemtukana mumewe, ni nani angemkataza? Badala yake alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Hatakuya," Isidore alisema. "Hakuna kitu itakuya tena."

"Atakuya. Ni siku tu mulijidai kuijua. Sasa weye unataka akukute namna gani, ukiangalia ukuta? Majani inasonga mahindi. Lamuka."

Mahindi yalifika magotini, na magugu yalikuwa yakiyapita. Mavuno yalikuwa miezi miwili mbele, na hakuna aliyejua kama Tina angeyafikia. Isidore alivaa suruali yake ya kiwandani, akatafuta jembe. Njiani aliuliza waanzie upande gani.

"Ule wa mbali," mkewe alijibu. "Pale majani iko mingi."